Simula ilitangulia Smalltalk

Anayesema kwamba lugha za programu zinazotumia objekti, yaani vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na kazi zake, zilibuniwa na Alan Kay, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, amempa Kay sifa ambayo kwa haki ni ya Wanorwe wawili. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norwe mjini Oslo, walitengeneza lugha ya programu ya Simula 67, na humo tayari mlikuwa na klasi (vielelezo vya kuundia objekti), objekti zenyewe, urithi kati ya klasi (klasi ndogo hupata sifa za klasi kuu) na taratibu ambazo klasi ndogo iliweza kuzibadilisha. Hawakuanza na nadharia. Walitaka kuigiza mifumo halisi ndani ya kompyuta, kwa mfano foleni ya malori na mabasi kwenye daraja la kulipia, ambapo kila gari lina sifa zake lakini yote yanashiriki tabia ya kuwa chombo cha usafiri. Hapo ndipo wazo la urithi lilipozaliwa, na mimi naliona kuwa zuri kuliko maelezo mengi ya vitabu vya kiada.

Kay, ambaye mwenyewe alikiri kujifunza kutoka Simula, ndiye aliyeupa mtindo huu wote wa kuandika programu kwa objekti jina unaloitwa sasa, kisha akauweka katika lugha ya Smalltalk huko Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, kwenye miaka ya 1970, akisisitiza objekti zinazotumiana ujumbe. Hata hivyo, Dan Ingalls ndiye aliyeifanya Smalltalk ifanye kazi, naye Adele Goldberg aliiendeleza na kuieneza. Kuwasahau hawa ni kosa lilelile. Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya 2001 walipewa Dahl na Nygaard, na ya 2003 akapewa Kay.