Kwa Anayeanza Kupanda Vilima vya Ngong na Wenzake

Ukisimama Karen, mtaa wa Nairobi, asubuhi isiyo na mawingu, vilima vya Ngong huonekana upande wa magharibi kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, na kwa kuwa vinaonekana karibu hivyo, mtu hushawishika kuamini kwamba ni matembezi ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Nami niliamini hivyo. Tangu wakati huo nimevipanda mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu, mara nyingi mimi nikiwa ndiye niliyebebeshwa kazi ya kupanga safari, na karibu kila kosa nitakalolitaja hapa nimelitenda mwenyewe kabla ya kuliona kwa wengine.

Kutoka lango lililo karibu na mitambo ya upepo hadi Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ni takriban kilomita 10, umbali ambao kijana mwenye afya angeutembea bila kuuwazia kama ungekuwa tambarare. Lakini njia inafuata mgongo wa vilima saba, na kila unapomaliza kukipanda kimoja, unateremka bondeni ukianze kingine. Kilele kirefu kuliko vyote, Lamwia, chenye mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, kiko upande wa kusini, kwa hivyo anayetoka langoni hukutana nacho miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Hapo ndipo mgeni hukosea hesabu: hufika kilima cha tatu akiwa na furaha, akapiga picha, akaamua kuendelea kidogo, asikumbuke kwamba kila mteremko alioufurahia atalazimika kuupanda akirudi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uamuzi wa mahali pa kugeukia ufanyike mjini, kabla ya kupanda matatu, na uandikwe kwenye kikundi cha WhatsApp ambapo kila mtu atauona. Ama mnakwenda hadi Kona Baridi na kurudi Nairobi kwa njia ya Kiserian, ama mnageuka kwenye kilima cha nne. Uamuzi unaofanywa juu, upepo ukivuma na kila mmoja akiogopa kuonekana dhaifu, mara nyingi si uamuzi bali ni ushindani.

Nikirejelea suala la kuogopa kuonekana dhaifu, kuna safari moja ambayo ilinifunza zaidi ya nyingine zote. Tulikuwa tisa, na miongoni mwetu alikuwamo mfanyakazi mwenzangu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kupanda hata ngazi za ghorofa kwa hiari. Wale wepesi walitangulia, wakawa wanafika kileleni, wanaketi, wanafungua njugu na ndizi, wanacheka, nasi tulio nyuma tunawaona kwa mbali. Kila alipowafikia mwenzetu huyu akihema, wao walisimama, wakakung'uta nyasi kwenye suruali na kusema, "Haya, twende." Nilichelewa mno kuelewa kilichokuwa kikitendeka: waliokuwa wakisubiri walikuwa wamepumzika dakika kumi kila mara, na aliyekuwa akisubiriwa hakuwa amepumzika hata dakika moja tangu langoni. Kwenye kilima cha tatu nilimkuta ameinama, mikono magotini, akitabasamu. Nilikuwa nimemsikia akisema "niko sawa" mara nne bila ya kuulizwa. Nilipoichukua chupa yake ya maji nikakuta bado imejaa, kwa sababu hakutaka kusimama kuifungua na kuzidi kuachwa.

Tangu siku hiyo mpango wangu ni mmoja, na sina aibu kuulazimisha. Aliye mzito kuliko wote hutembea wa pili, nyuma ya mtu mmoja mwenye uzoefu ambaye kazi yake ni kwenda polepole, polepole hata kwa kuchosha, na mwingine mwenye uzoefu hubaki nyuma kabisa na haruhusiwi kumpita mtu yeyote kwa sababu yoyote. Mapumziko huhesabiwa tangu afike wa mwisho. Kila mtu hunywa maji wakati huo, mbele ya wenzake, awe ana kiu au hana. Wenye miguu mepesi hulalamika kwa nusu saa ya kwanza. Baadaye hugundua kwamba wanaweza kuzungumza huku wakitembea, na kwamba kwa kweli hilo ndilo lililowatoa nyumbani.

Kuhusu baridi, usidanganywe na jua la Nairobi. Kampuni ya umeme ya KenGen haikusimamisha mitambo yake kwenye mgongo ule kwa ajili ya kupamba mandhari. Miwili ya kwanza ilianza kuzunguka huko mwaka 1993 kwa sababu upepo haupungui. Hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lamwia iko juu ya katikati ya jiji kwa zaidi ya mita 700, kwa hivyo mwili uliotota jasho ukiketi kileleni bila jaketi hutetemeka upesi. Jaketi la kuzuia upepo livaliwe mara tu unapoketi, si baada ya kuhisi baridi. Wakati huohuo jua la huko juu huchoma hata kukiwa na mawingu, nami nimewahi kurudi kazini Jumatatu nikiwa na shingo iliyobabuka mithili ya chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Kofia yenye ukingo mpana inatosha.

Miezi ya Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mvua huligeuza vumbi la njia kuwa utelezi, na mara nyingi ngurumo huja alasiri. Mgongo wa vilima usio na miti si mahali pa kuwa wakati wa radi. Tukisikia ngurumo ya kwanza tunateremka, na hapo hakuna kura. Juni na Julai tatizo ni ukungu, ambao unaweza kuwafunika mkawa hamwoni kilima kinachofuata. Hapo msiachane hata kwa hatua ishirini.

Viatu ni jambo fupi. Raba zenye meno zilizokwisha kuzoea miguu yako ni bora kuliko buti ghali zilizonunuliwa juzi. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, na kabla ya kila mteremko mrefu kaza kamba karibu na kifundo, ili vidole visigonge mbele ya kiatu. Aliyepoteza kucha mara moja haambiwi tena.

Mbali na hayo, bebeni vitambulisho, kwa kuwa ada ya lango, inayotozwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, ni tofauti kwa raia na kwa mgeni. Visa vya watu kuporwa vimewahi kutokea huko juu, kwa hivyo mkiwa wachache au mnavuka hadi upande wa kusini, ambako watembeaji hupungua na nyati huonekana, ulizeni langoni kuhusu askari wa kuwasindikiza na mgawane gharama. Mtawakuta wafugaji wa Kimaasai na ng'ombe wao. Wasalimuni, na msiwapige picha kabla ya kuwaomba.

Jambo la mwisho ni la saa. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na kikundi cha watu wanane au tisa hutumia saa tano au sita kufika Kona Baridi, tukihesabu na chakula. Tunapanda matatu ya 111 ya kwenda Ngong mjini saa moja asubuhi, na anayechelewa hutufuata mwenyewe. Ukifika Kona Baridi utafahamu kwa nini pakaitwa hivyo: upepo unaotoka Bonde la Ufa hukupata ukiwa na jasho, miguu imelowa, na magari ya kuteremkia Kiserian yanaweza kukawia. Kwa sababu hiyo huwa nabeba soksi kavu chini kabisa ya begi, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na sizigusi hata nikishawishika vipi. Nikishazivaa, nawahesabu watu, nawahesabu tena Kiserian kabla ya kupanda matatu ya 126, kwa sababu siku moja tulimwacha mwenzetu akinunua mahindi ya kuchoma, na hadi leo hajaacha kuieleza habari hiyo.