Historia kwa kila mwanachuo? Barua zenu na majibu yangu

Majuzi niliandika kwamba kila anayeingia chuo kikuu hapa Uganda, awe wa udaktari, uhandisi au kompyuta, asome walau kozi moja ya historia kabla ya kuvaa joho. Barua zikamiminika. Wengine mmenitukana kwa adabu, wengine mnataka niwaandikie kazi za chuo. Nimechagua zinazojibika.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma uhandisi wa majengo, mwaka wa pili. Ratiba imejaa hadi Jumamosi. Kabaka, mfalme wa Buganda, na mikataba yake vitanisaidia nini kwenye zege? (Kampala)

Marahaba. Kwenye zege, hakuna. Lakini zege hulimwagi hewani, mwanangu, unalimwaga juu ya ardhi, na ardhi ya Buganda ina maneno.

Kijana mmoja niliyemfundisha sekondari alipewa kazi ya kujenga kituo cha afya. Hati ya kiwanja ilikuwa safi na greda limeshafika. Akatokea bibi mmoja na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na risiti za busuulu, za babake na za babu yake, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Mhandisi wetu alidhani ni sadaka za kanisani. Akaamuru greda liendelee, likafika kwenye migomba, kijiji kikakaa chini mbele yake. Kazi ilisimama miezi minane. Alinipigia simu akiuliza, "Mwalimu, busuulu ni nini?" Ana digrii huyo.

Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliigawa ardhi kwa maili za mraba, ndiyo maana mpaka leo tunasema mailo. Walipata Kabaka, jamaa zake na machifu. Mkulima aliyekuwa akilima hapo tangu enzi za mababu akajikuta mpangaji. Sheria ya 1928 ikaweka kikomo cha kodi aliyodaiwa, ndiyo busuulu yenyewe, na kumkinga asifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 Amin akatangaza ardhi yote ni ya umma, Katiba ya 1995 ikairudisha kwa wananchi, na sheria ya ardhi ya 1998 ikamtambua mwenye kibanja, yaani mkulima anayekaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Kwa hiyo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mwenye hati na mwenye kibanja, na wote wawili wana haki. Hilo halimo kwenye vitabu vyako vya zege, na ndilo litakalokusimamisha.

Si historia ilishaondolewa mashuleni? (Mbale)

Haikuondolewa. Katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020, historia na elimu ya siasa ni somo la lazima mpaka S4, yaani kidato cha nne. Uliza kwanza mtoto wa jirani, kisha uniandikie.

Mwalimu, nitajie kijitabu kizuri chenye noti zote za historia ya Uganda. (Lira)

Hapana. Na wengine mnaoniuliza hilo kila mwezi, jibu ni hilohilo. Nimewahi kusahihisha mtihani ambamo Mkataba wa Buganda ulisainiwa mwaka 1980. Nikamwita mwanafunzi, akanionyesha noti zake: zimepigwa kopi juu ya kopi mpaka sifuri ya katikati imebanwa kiuno ikawa nane. Hakujiuliza hata mara moja Waingereza walikuwa wanatafuta nini hapa mwaka 1980.

Mimi ni mzazi. Nauza ng'ombe kulipa ada ya mwanangu wa udaktari. Serikali yenyewe imeonyesha kwamba sayansi ndiyo inayolipa. Mbona unataka kumpotezea muda? (Masindi)

Mzee mwenzangu, hesabu yako naielewa. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa wakabaki nyuma, wakagoma. Mtoto yeyote anayeona mwalimu wa fizikia amenunua gari na wa historia anadandia boda anajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala. Rais Museveni naye hachoki kuyabeza masomo ya sanaa, ingawa digrii aliyotoka nayo Dar es Salaam mwaka 1970 haikuwa ya fizikia.

Lakini tuseme mwanao daktari amepelekwa ukanda wa ziwa, Busoga. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua huko watu zaidi ya laki mbili. Wataalamu wakaja na darubini, wakagundua mbung'o ndiye mwenezaji, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kwa nguvu kutoka ufukweni na visiwani Ssese. Dawa ya kuponya hawakuwa nayo, amri walikuwa nayo. Familia zilizoacha makaburi na mashamba hazikusahau. Daktari asiyejua hayo atafika na amri zake, ataona watu wanamkwepa, ataandika kwenye ripoti kwamba ni wajinga. Muhula mmoja hautakuuzisha ng'ombe wa ziada.

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Chuoni wenzangu wananiambia sisi ni wageni tulioletwa na Amin. Niwajibu nini?

Waaleikum salaam binti yangu. Waambie wahesabu miaka. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, alikwenda karibu na Ziwa Albert akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria, pamoja na wake na watoto wao. Amin alizaliwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Atawaletaje mababu zako?

Tena wafungue Katiba, jedwali la tatu, linaloorodhesha jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wanubi wamo. Hapo tu wanasheria na watu wa kompyuta wanaotengeneza mifumo ya vitambulisho wangepata somo la wiki tatu: kwa nini tarehe hiyo, nani aliichora mipaka, na kwa nini Wamaragoli wa Kiryandongo hawakuandikwa.

Ila na wewe usichague tamu tu. Askari hao ndio waliotumwa kuipiga Bunyoro, ufalme wa Kabalega, na mwaka 1897 wakaasi dhidi ya Waingereza haohao. Wakati wa Amin baadhi ya watu wenu walishika bunduki na vyeo. Yaseme wewe kabla hawajakusemea.

Ni kweli Amin alikula watu? (wengi)

Ushahidi hakuna, nimechoka kulijibu. Wakati mnanong'ona kuhusu friji lake, hamuulizi habari za Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, aliyechukuliwa na askari Mahakama Kuu Septemba 1972 akapotea mazima. Ulizeni hilo.

Mwalimu, kozi ikishakuwa ya lazima, nani ataizuia isigeuke chakamchaka? (Gulu)

Hii ndiyo barua niliyokuwa naisubiri, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiswahili cha mazoezi ya askari, tukayaita hivyo mafunzo ya siasa ya serikali ya Museveni, tukakimbiza nalo wanafunzi alfajiri wakiimba. Kozi ya lazima ikikabidhiwa waendeshaji wa mafunzo hayo, nuru itaumbwa tarehe 26 Januari 1986, siku jeshi la Museveni lilipotwaa Kampala, na kabla ya hapo ni giza tu. Ikiwa hivyo, afadhali isiwepo, nami nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Majirani wamejaribu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kila mwanafunzi alipitia kozi ya masomo ya maendeleo. Wapo waliotoka wakifikiri, wapo waliotoka wakikariri kama sala. Siku hizi mashuleni Tanzania wana somo la historia lililofungwa kamba moja na maadili, na hapo nasita: historia inayofundishwa ili watu wawe na tabia njema huanza kuficha wenye tabia mbaya. Texas, huko Marekani, humalizi chuo cha umma bila kozi mbili za historia ya Marekani, na wabunge hawaishi kutaka kuingiza mkono.

Sharti langu ni moja. Pasiwe na kipindi kisichokuwa na mashahidi wawili wanaopingana. Chukua Mei 1966. Obote, mkuu wa serikali, alisema Kabaka Mutesa anakusanya silaha. Mutesa alisema amevamiwa nyumbani kwake. Jeshi lililoongozwa na Amin liliingia Mengo, kwenye ikulu ya Kabaka, Kabaka akaruka ukuta, akafia London mwaka 1969. Mpe mwanafunzi wa uhasibu maelezo yote mawili, mnyime jibu, mwambie akague kama anavyokagua vitabu vya kampuni. Mhadhiri anayeogopa somo hilo asipewe darasa.

Naomba unijibie swali hili kabla ya Ijumaa: "Jadili sababu za Mkataba wa Buganda wa 1900." (Mbarara)

Ulisainiwa tarehe 10 Machi. Upande wa Waingereza alikuwa Harry Johnston. Upande wa pili Kabaka alikuwa Daudi Chwa, mtoto wa miaka mitatu. Jiulize ni kina nani waliosaini kwa niaba yake, na kila mmoja wao aliondoka na maili ngapi. Ijumaa ni yako.