Maswali ya Wasomaji: Nyoya, Unywele na Gamba

SWALI: Tumefundishwa kwamba manyoya ya ndege yalitokana na magamba ya wanyama watambaao. Ina maana gamba lilirefuka, likachanika, likawa nyoya? Na nywele zetu je? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro

JIBU: Hoja ya gamba kuchanika ilifundishwa miaka mingi, lakini ukikitazama kiinitete haisimami. Nyoya huanza kama mrija. Katika yai la kuku, linaloatamiwa siku 21, ngozi ya mgongo huwa laini mpaka karibu siku ya 7. Hapo seli za ngozi ya nje hunenepa mahali mahali, zikafanya vinundu vidogo vilivyojipanga safu safu. Kila kinundu huchomoza, kitako chake kikazama ndani ya kifuko, na ukuta wa mrija ukajigawa kwa ndani kuwa nyuzi. Ganda la nje la mrija likikauka na kupasuka, nyuzi hufunguka. Ndiyo maana kifaranga hutoka amelowa na kunata, na baada ya saa chache amejaa malaika, yaani manyoya laini.

Unywele nao huanza na kinundu kama hicho, ila chenyewe huzama chini ya ngozi kabla ya kuota. Mwaka 2016 Nicolas Di-Poï na Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba mamba, nyoka na mijusi pia wana vinundu hivyo. Zamani havikuonekana kwa sababu hupita upesi na havitokei mwili mzima kwa wakati mmoja. Walichunguza pia mijusi ya Australia inayozaliwa bila magamba kwa hitilafu ya jeni iitwayo EDA. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu, mtoto huzaliwa na nywele haba, meno machache yaliyochongoka na upungufu wa tezi za jasho.

Kwa hiyo nyoya si mtoto wa gamba. Nyoya, unywele na gamba la mjusi ni ndugu, na mzazi wao ni kinundu cha mnyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Hata leo mpaka kati yao ni mwembamba: mwaka 2023 watafiti wa Geneva walidunga kemikali kwenye mayai ya kuku siku ya 11, na vifaranga wakaota manyoya ya kudumu mahali pa magamba ya miguu. Na usidhani manyoya yalikuja kwa ajili ya kuruka. Sinosauropteryx, dinosaria aliyetangazwa mwaka 1996 kutoka Liaoning, China, alikuwa na nyuzi za manyoya na hakuwa na mabawa.

Angalia usichanganye magamba yote. La samaki ni aina ya mfupa unaotokea ngozi ya ndani. La kakakuona ni keratini, protini ileile ya kucha zako, na halina dawa yoyote ndani yake. Yale ya kichwani mwa mamba hayana kinundu kabisa: ngozi hukua upesi na kukakamaa kuliko tishu iliyo chini yake, ikajikunja kuwa mistari.

SWALI: Nina jogoo kidimu (mwenye manyoya yaliyojipinda nje) na matetea vidimu. Baadhi ya vifaranga wamekua karibu uchi, manyoya yanakatika yakiguswa tu. Wengine wana manyoya ya kawaida. Nimebadilisha chakula bila mafanikio. Ni ugonjwa gani? – Mfugaji, Singida

JIBU: Si ugonjwa, na chakula hakitawaponya. Ukidimu unatokana na hitilafu katika jeni ya keratini iitwayo KRT75, iliyotambuliwa mwaka 2012. Vinundu vyote vimeota sawasawa; kasoro iko kwenye ujenzi wa uti wa nyoya, ambao hujipinda kuelekea nje. Kuku aliyerithi nakala moja ya jeni yenye hitilafu ni kidimu wa kawaida. Aliyerithi mbili, uti wake ni dhaifu mno, unakatika.

Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kwa wastani robo ya vifaranga watakuwa hao wa uchi, nusu vidimu, robo wa kawaida. Mpe jogoo wako matetea wenye manyoya ya kulala: utapata nusu vidimu na nusu wa kawaida, hakuna wa uchi. Wale ulio nao wakinge na baridi ya usiku, mvua na jua kali, waongezee chakula kwa sababu joto linawapotea, na usiwazalishe.

Kishingo, kuku wa shingo tupu, ni jambo jingine. Kwake vinundu vya shingoni havikuanza kabisa, kwa kuwa protini iitwayo BMP12 imezidi na ngozi ya shingo ni nyepesi kuzimwa nayo. Mwenye nakala moja ya jeni ya kishingo hubaki na kishungi mbele ya shingo; mwenye mbili shingo ni tupu. Manyoya ya mwili nayo hupungua, takriban asilimia 20 kwa wa kwanza na 40 kwa wa pili. Kwenye joto kali huyu ni kuku wa kumtunza, ila vifaranga wake wanahitaji kupashwa joto kwa uangalifu zaidi.

SWALI: Magamba ya miguu ya kuku wangu yamenyanyuka, yana ukoko mweupe. Wanachechemea. Nipake mafuta ya taa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usipake, yanaunguza ngozi. Hao ni utitiri wa miguu, wanaochimba chini ya magamba. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa dakika 10, sugua taratibu kwa mswaki laini, kausha. Usibandue ukoko kwa nguvu, utatoa damu. Kisha paka mafuta ya mgando mguu mzima hadi kati ya vidole, ili utitiri wakose hewa. Rudia kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki 3 au zaidi, kwa kuku wote wa banda, na usafishe vichanja wanavyolalia. Wanaotibiwa kwa nje wakikosa nafuu, mwone daktari wa mifugo kuhusu dawa ya ivermektini. Akueleze pia ni muda gani usile mayai yao. Magamba yaliyoharibika huchukua miezi kubadilika, hivyo mguu ukiwa bado mbaya kwa macho haina maana dawa imeshindwa. Tazama kama ukoko mpya unaongezeka.