Mwanangu, bendi ichukue, lakini kaisikilize kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako. Umesema kamati ya harusi yenu imegawanyika kuhusu muziki. Wapo wanaotaka DJ peke yake, wapo wanaotaka iletwe bendi yenye jina kutoka Dar es Salaam ili watu wapate la kusimulia, na wewe na mchumba wako mnatamani muziki wa kupigwa palepale, ila mnaogopa kuonekana mnachezea michango ya watu. Mwisho ukaniuliza: "Baba, ingekuwa wewe ungefanyaje?"

Ningechukua bendi. Bendi ya hapahapa Mwanza, ya watu saba au wanane, na DJ naye angekuwepo.

Unajua nilipiga gitaa la rithimu kabla hujazaliwa, lakini sijawahi kukusimulia harusi moja tuliyopiga Magu, uani kwa watu, chini ya miembe. Bibi yake bwana harusi alikuwa ameketi mkekani, nyuma kabisa. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, tumeshaanza kuangaliana ili tufunge, kiongozi wetu akamwona bibi anajiinua kwa fimbo yake. Akatugeukia akazungusha kidole hewani: rudieni. Tukarudia. Bibi anatembea hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Mwimbaji akaacha maneno ya wimbo akaanza kumwita, "Mpisheni bibi, bibi anakuja kwa mjukuu wake," na watu wakapasua njia. Sisi tulishusha sauti mpaka ikabaki tumba na gitaa langu tu. Alipofika na mjukuu akamshika mikono yote miwili, ndipo mpiga solo akafungua sebene, kile kipande cha kasi cha kucheza, na ule uwanja wote ukasimama. Wimbo wa dakika sita siku ile ulikwenda kama robo saa, na hakuna aliyeona kuwa ni mrefu.

Hicho ndicho unachonunua ukichukua bendi. Wimbo wa DJ una urefu wake. Ukiisha umeisha, hata kama bibi bado yuko katikati ya ukumbi. Bibi yako atatoka Nansio na meli ya asubuhi, magoti yake unayajua. Nataka wimbo umsubiri.

Kuhusu bendi ya Dar es Salaam, mimi sikushauri. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Hao ni watu kumi na tano au zaidi, wana vyombo, wanataka gari, vitanda na chakula cha siku tatu. Sehemu kubwa ya fedha yenu itaishia barabarani na kwenye nyumba ya wageni, muziki utapata kilichobaki. Tena jina la bendi linaweza kufika bila watu waliolijenga: mkaletewa mwimbaji mmoja mnayemjua na vijana wengine waliookotwa wiki ileile. Watashuka kwenye gari wamechoka, hawawajui wazee wenu, hawajui wimbo gani unamwinua Msukuma kwenye kiti. Bendi inayopiga baa za Kirumba au Igoma kila wiki imeshajifunza hayo kwa wateja wake.

Lakini usiichague kwa video za kwenye simu. Sauti ya studio hubandikwa juu ya picha za jukwaani, nawe ukadhani ndivyo wanavyopiga. Nenda mwenyewe ukawasikilize, usiwaambie unakuja. Fika mapema, watu bado wachache, maana bendi nzuri hupiga vizuri hata kwa meza tatu. Sikiliza nyimbo za polepole, kwa sababu sebene huficha makosa mengi na rumba haifichi kitu. Je, maneno ya mwimbaji unayasikia? Je, mpiga dramu anawatazama wenzake, au amejifungia na kelele zake? Halafu peleka ombi la wimbo wa zamani uone wanalipokeaje. Wakiwa hawaujui wakakuambia kwa adabu, hao ni watu wa kazi. Wakikubali kisha wakauburuza, ondoka.

Swali la kwanza la kumuuliza kiongozi wao si bei. Muulize: vyombo ni vya nani? Enzi zetu bendi nyingi zilikuwa na mwenyewe, tena taasisi. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi nalo hivyohivyo. Gitaa lilikuwa mali ya mwajiri, mwanamuziki alikuwa na mshahara, na fundi mitambo alikuwepo kila siku. Siku hizi vikundi vingi hukodi vyombo onesho kwa onesho, na mwenye vyombo akipata dau kubwa zaidi Jumamosi yenu, bendi itakuja na magitaa mawili na kinanda ikitegemea spika za DJ. Kukodi si kosa. Kosa ni wewe kulijua hilo saa kumi na mbili jioni ya harusi. Iandikwe kwenye mkataba: spika ngapi, maiki ngapi, nani anavileta, na saa ngapi vinakuwa vimeshafungwa.

Umeme nao usiuache kwa mwenye ukumbi peke yake. Nilipigwa na umeme jukwaani nikiwa kijana, na hadi leo nikisogelea maiki nasita. Amplifaya ya gitaa langu ilikuwa imechomekwa upande mmoja wa ukumbi, mitambo ya maiki upande mwingine, na waya wa erthi kwenye soketi moja ulikuwa umekatika. Vidole viko kwenye nyuzi, midomo ikagusa maiki, umeme ukapita. Midomo ilikufa ganzi usiku mzima. Kwa hiyo mlipe fundi umeme, si ghali, aende mchana akague erthi, na vyombo vyote vya bendi viwe kwenye laini moja. Majokofu ya vinywaji na mashine ya bisi vikae kwenye laini nyingine kabisa. Jenereta iwe na mafuta na iwekwe mbali, nyuma ya ukuta, isije ikaimba pamoja nao.

Umesema mnafikiria bustani ile ya ufukweni upande wa Ilemela. Ni pazuri, na Agosti mvua si ya kutisha. Ila mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda majini, sauti ikafuata upepo. Wageni wakikaa upande wa nchi kavu na bendi ikawa majini, watasikia nusu ya kinachopigwa, na wavuvi watasikia kilichobaki. Bendi ikae upande wa nchi kavu, spika zielekee ziwani. Taa kali msiziweke juu ya kichwa cha mwimbaji. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga, na nimeona mwimbaji akikatisha ubeti kwa sababu amemeza mmoja. Kibali cha kupiga muziki usiku mkishughulikie mapema, maana malalamiko ya kelele siku hizi yanafika NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Sasa ratiba, na hapa ndipo harusi nyingi huiua bendi. Kadi inasema saa moja, wageni wanafika saa tatu. Zamani jamaa wa Sengerema walikuwa na sababu, foleni ya pantoni kati ya Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja, kilomita tatu za kuvuka ghuba, na bado tunachelewa. Bendi imelipwa kuanzia saa mbili hadi saa sita. Maharusi wanaingia saa tatu na nusu, keki, shampeni, utambulisho wa ukoo mzima, hotuba, zawadi. Saa tano na dakika ishirini MC anakumbuka kuna bendi. Wanapewa dakika arobaini mbele ya watu wanaotafuta funguo za magari, kisha asubuhi kamati inasema bendi haikuchangamsha. Nimekuwa kwenye jukwaa hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Fanyeni hivi. Maharusi kuingia, keki na kwaito, mwachie DJ. Mchumba wako ana wimbo wake anaoutaka, na anautaka vilevile ulivyorekodiwa. Bendi ianze wakati wa chakula, rumba laini, dramu zikiguswa kidogo, ili mjomba asikie anachoambiwa na jirani yake. Kisha bendi iachiwe kipindi cha kutoa zawadi. Hili wengi hawalifikirii. Kila kundi linapokuja mbele likicheza na zawadi yake, DJ hukata wimbo katikati na kuanza mwingine, na watu hugongana miguu. Bendi inaliona kundi, inalipigia mwendo wake, inalipeleka na kulirudisha. Wafanyakazi wenzako watapewa chao, wajomba wa Magu watapewa chao. Mkiwa na nafasi ya kuleta wapiga bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, na majembe yao kutoka Kisesa, hapo ndipo pa kuwaingiza, na mpiga tumba mzuri atawapokea bila ngoma kukatika. Baada ya hapo bendi ipige dansi saa nzima isiyoguswa na hotuba yoyote. MC aijue ratiba hii na akae na kiongozi wa bendi wiki moja kabla, uso kwa uso.

Wakwe zako ni watu wa kanisa, na mama mkwe hasimami kwa sebene. Usimlazimishe, wala usimpuuze. Muulizeni nyimbo mbili za kwaya anazozipenda, bendi ipewe wiki tatu za kuzifanyia mazoezi, zipigwe wakati wa chakula. Nyimbo nyingine za maalumu zisizidi tatu. Ukiwapa orodha ya nyimbo kumi na tano watazipiga zote nusunusu.

Mpambaji naye. Ataleta viti vya maharusi, maua na mapazia, na atajaza jukwaa lote. Akubaliane na bendi mapema nani anasimama wapi, na spika zikae mbele ya waimbaji, kwa sababu maiki ikitazamana na spika hupiga mluzi usiovumilika. Majaribio ya vyombo yaishe kabla ya saa kumi jioni.

Malipo: nusu siku ya kusaini, na nusu ya pili ikabidhiwe wakati wanafunga vyombo, kabla hawajapiga. Najua kamati itasema tuwalipe wakimaliza. Sisi tulimaliza saa nane usiku harusi fulani tukaambiwa mhazini amekwenda kulala. Tulimngoja hadi kukakucha, na wenzangu wawili walirudi nyumbani kwa miguu. Mtu aliyeshika hela yake mfukoni hupiga kwa moyo mmoja. Anayetaka kukimbia na hela hatakuja kufunga vyombo. Fedha za kutunzwa, zile watu wanazobandika usoni mwa mwimbaji, ni za bendi. MC asiziguse wala kamati isizihesabu kama sehemu ya malipo. Semeni hilo mapema.

Na chakula, mwanangu. Hili ndilo ninalokuomba kama baba yako, mengine nimekushauri tu. Bendi ipewe chakula kabla wageni hawajala, wakae mezani, sahani kamili, sato na wali kama wa wageni wengine. Miaka yote niliyopiga harusi, mara nyingi tulipewa kilichobaki chini ya sufuria, saa saba usiku, tumesimama nyuma ya jiko, huku tumewachezesha watu walioshiba. Sikuwahi kumwambia mama yako jinsi nilivyokuwa nikijisikia nikirudi asubuhi na njaa kutoka kwenye furaha ya watu. Kwenye harusi ya mwanangu jambo hilo lisitokee. Kama bajeti ya chakula imebana, punguzeni aina moja ya nyama mezani kwetu wazazi.

Matarumbeta ya kuwazungusha mjini juu ya gari chukueni pia, hayana gharama kubwa, na watoto wa mtaani watafurahi.

Michango usiiogope. Watu wamechanga ili mfurahi pamoja nao, na bendi ndogo ya hapa haitazidi mlichopanga kutumia kwenye mapambo. Nimeiona bajeti yenu. Yale maua ya kuagiza mnaweza kuyapunguza.

Ijumaa hii nakwenda Kirumba. Kuna bendi hupiga kila wiki, jirani yetu ameisifia rithimu yake, nami nataka niisikie kwa masikio yangu. Jumapili nitakwenda nyingine, njia ya Nyegezi. Jumatatu nitakupigia. Wewe mtafute mama mkwe kabla ya hapo, umuulize nyimbo zake mbili, na anapenda ziimbwe kwa Kiswahili au Kisukuma.

Baba yako