Usiguse msasa kama klia haipo mkononi (taa za Mark X zenye tinti)

Mkuu, weka chini huo msasa.

Nimesoma swali lako mara mbili. Mark X, mwenye gari wa kwanza alipuliza tinti nyeusi kwenye taa za mbele, sasa inachubuka na chini yake plastiki ni ya njano. Jumamosi unataka kuikwangua mwenyewe nyumbani kwa msasa namba 400, ufute kwa thina, umalizie na dawa ya meno, halafu Jumapili usiku uanze safari ya Iringa. Umeuliza pia kuhusu balbu za LED na maji yanayotuama ndani ya taa ya kulia, hayo tuyaache kwa siku nyingine. Ila kwenye vifaa vyote ulivyoorodhesha sijaona klia, ile rangi angavu ya kupaka juu inayokinga taa. Kama klia haipo, usiguse taa hata kwa kidole. Safari ifanye mchana, kazi ya taa isubiri.

Nakuambia hivi kwa sababu ulichoandika ndicho nilichofanya mimi mwaka 2021, isipokuwa gari yangu ni Premio. Nayo niliinunua na tinti ya kupuliza. Nikampelekea fundi mmoja wa mtaani aliyesifiwa na kila mtu. Nilimuuliza kabisa kama baada ya msasa kuna kitu cha kupaka juu. Akacheka: "Bosi, klia ya nini? Ukishapiga kompaundi ikang'aa, imetoka hiyo." Kompaundi ni ile dawa nzito ya kung'arishia. Siku ile taa ziling'aa kama glasi mpya. Mke wangu alidhani nimebadilisha. Nikamlipa fundi Sh 30,000 na kumnunulia soda juu, nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Wiki ya sita nikaanza kuona wingu upande wa juu wa taa, pale panapopigwa na jua la saa nane ninapoegesha. Nikaosha kwa sabuni, halikutoka. Kufika mwezi wa tatu taa zote mbili zilikuwa za njano kuliko nilivyozikuta, tena ukipitisha kidole unasikia zinakwaruza. Nikarudi kwa fundi. Akasema ni sabuni ya kuoshea gari ndiyo imeziunguza. Nikamwamini! Akapiga msasa tena, kompaundi tena, Sh 30,000 nyingine. Safari hii hazikumaliza hata miezi miwili.

Sabuni haikuhusika hata kidogo. Taa za magari yetu si kioo, ni plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Land Rover za zamani zenye taa za duara zilikuwa na kioo kweli, ndiyo maana unaikuta moja imeliwa na kutu mlango mzima lakini taa haijawahi kuwa ya njano. Polikaboneti inahimili kokoto, lakini jua inaliogopa. Miale ya UV huila taratibu hadi ibadilike rangi na kupata ukungu. Kiwandani wanalijua hilo, kwa hiyo huivisha ngozi nyembamba ya klia ngumu inayozuia miale hiyo. Ngozi ikichakaa ndipo unaona unjano. Sasa ukipiga msasa unatoa ngozi yote, iliyooza na iliyokuwa bado nzima. Hapo taa inang'aa, ndiyo, lakini iko uchi. Jua la Dar linapiga plastiki tupu kuanzia asubuhi hadi jioni, na halina huruma.

Kwa hiyo fundi hakutengeneza taa zangu. Alizivua nguo akanirudishia, mara mbili, nikamlipa mara mbili.

Gharama yenyewe niliijua usiku mmoja barabara ya Mikumi. Unaijua ile barabara, inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50, na wanyama wanavuka wanapotaka. Nilichelewa kutoka Morogoro, nikaingia hifadhini giza limeshashika. Taa za njano hazimulikii mbele, zinamwaga mwanga pembeni na juu, unaona moshi tu mbele ya boneti. Wanaokuja mbele wananipigia ful kwa hasira kwa sababu mwanga wangu unawachoma macho, na mimi mwenyewe sioni kitu. Punda milia nilimwona akiwa hatua chache kutoka bampa, tena niliona miguu kwanza. Nilikanyaga breki mpaka mtoto aliyelala siti ya nyuma akadondoka chini. Hakuumia. Nilisimama pembeni ya barabara mikono ikitetemeka, sijui hata kwa muda gani. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 kikakuta taa zilizofifia hutoa takribani asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Nilipoisoma baadaye sikushangaa, nilishaipima mwenyewe pale Mikumi. Na wewe Jumapili usiku unataka kupita palepale, kisha ukapande mlima wa Kitonga.

Nina hasira na yule fundi, lakini nina hasira zaidi na hizi video za kung'arisha taa mnazotumiana. Zote zinaishia dakika taa inapong'aa. Hakuna hata mmoja anayerudi baada ya miezi mitatu kukuonyesha ile ile taa. Dawa ya meno inasugua ukungu wa juu tu, kwa sababu ina chembechembe kama msasa laini sana, na haiachi kinga yoyote. Ile nyingine ya kupuliza dawa ya mbu ni uharibifu mtupu: ile yenye DEET inayeyusha plastiki, kwa hiyo unachokiona kiking'aa ni uso wa taa uliolainika. Niliijaribu kabla sijarudi kwa fundi mara ya pili. Ilishika vumbi ikawa inanata kama jojo.

Na hiyo thina uliyoiandika, itoe kabisa kwenye mpango wako. Thina, asetoni, petroli, vyote ni adui wa polikaboneti. Mimi nilifutia taa ya kushoto nikitaka kumalizia mabaki meusi ya tinti kwenye kona. Siku ile sikuona tatizo. Baada ya wiki zikatokea nyufa ndogondogo ndani ya plastiki, kama utando wa buibui, na taa ikiwaka usiku kila ufa unameta. Nyufa hizo hazitoki kwa msasa wowote duniani. Taa ile ilikufa. Nilinunua mtumba wa Japani pale Ilala kwa Sh 180,000, baada ya kubishana jua zima.

Taa ya kulia niliiokoa, na kilichoiokoa ni klia. Nitakueleza nilivyofanya, lakini uanzie mwisho: nenda kwa wachanganya rangi za magari, mitaa ya Gerezani au Ilala hapa Dar, uombe klia ya 2K, ile inayokuja na hadna yake (dawa ya kuigandisha), na uulize kama ina kinga ya UV. Kiasi kidogo kinatosha taa zote mbili. Usichukue vanishi ya mbao, wala kopo la bei chee la kupuliza lisilo na hadna, litabanduka kama ngozi ya nyoka. Ukishaishika mkononi, ndipo ukanunue msasa.

Kwanza hakikisha kama tinti yako ni ya kupuliza kweli au ni karatasi. Kama ni karatasi, ipashe kwa draya ya nywele polepole, itavutika yenyewe na kazi imekuwa nusu. Kama ni ya kupuliza, funika boneti, bampa na fenda kwa masking tepu, tabaka mbili, maana msasa ukiteleza mara moja umekula rangi ya gari. Msasa uwe wa maji, na maji yasikauke kwenye taa hata sekunde moja. Ukipiga 400 mkavu kama ulivyopanga utachimba mifereji utakayohangaika nayo hadi usiku.

Anza na 600, uende 800, kisha 1000. Angalia tope linalotoka. Mwanzo litakuwa jeusi, hiyo ni tinti. Kisha litageuka la njanonjano, hiyo ni ngozi ya kiwandani iliyokufa. Likishakuwa jeupe kama maziwa umefika kwenye plastiki safi. Usihame namba kabla tope halijawa jeupe taa nzima, hasa kwenye kona. Kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo wa mkono, uliposugua kulia na kushoto sasa sugua juu na chini, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Taa ikikauka ukaona visiwavisiwa kama ramani, ujue ngozi ya zamani bado ipo hapo. Rudi.

Mwishoni taa itakuwa nyeupe, ina ukungu kama kioo cha bafuni. Hapa ndipo watu wanaogopa na kukimbilia kompaundi. Usipige kompaundi! Uso ukiwa laini sana klia haina pa kushika. Mwagia maji: ikionekana angavu chini ya maji, itakuwa angavu chini ya klia, kwa sababu klia inajaza mikwaruzo ile midogo kama maji yanavyojaza. Mara ya kwanza nilipomwagia maji nikaona hadi maandishi madogo kwenye balbu, nilimwita mke wangu aje aone.

Osha, ikauke kabisa, futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, usiishike tena kwa vidole. Changanya klia na hadna kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikisie. Puliza kivulini, asubuhi, upepo ukiwa umetulia, na umwagie maji chini ili vumbi lisipande. Mkono wa kwanza wa klia, yaani tabaka la kwanza, uwe mwembamba kama umande, subiri kama dakika 10, kisha mikono miwili ya kulowana. Tafadhali vaa barakoa ya wapiga rangi yenye vichujio, ile ya kitambaa haisaidii. Hadna ina isosaianeti, inashambulia mapafu, na watoto wasiwe karibu kabisa. Kama huna barakoa wala mashine ya kupulizia, kwangua wewe, kisha upeleke gari kwa mpiga rangi akupulizie klia tu. Umwambie kabisa kwamba ni klia, na usimame hapo uone. Taa zilale bila kuguswa wala kuloweshwa hadi kesho yake.

Yangu ya kulia niliipiga klia mwanzoni mwa 2022. Bado ni angavu, na gari inalala nje. Ile ya mtumba ya kushoto, yenye ngozi yake ya Japani iliyochoka, mwaka huu imeanza wingu upande wa juu, palepale. Jumamosi hii na mimi ninashika msasa. Klia iko kabatini tangu wiki iliyopita.