Yogati na mtindi wa nyumbani: mnauliza, tunajibu

Nina watoto watatu na kila siku nanunua vikopo vya yogati. Nikitengeneza mwenyewe nitaokoa kweli? (Mama, Igoma)

Utaokoa, mama, kwa sababu lita moja ya maziwa inatoa karibu lita moja ya yogati; kinachopotea ni mvuke kidogo tu. Chukua bei ya kikopo cha robo lita, zidisha mara nne, kisha toa bei ya lita ya maziwa ya hapo mtaani pamoja na mkaa au gesi. Kinachobaki ndicho chako. Ukianza kununua ladha na rangi za chupa, hesabu inaharibika; ndizi mbivu iliyopondwa inatosha. Anza na lita mbili, maana kiasi kidogo hupoa kabla ya kuganda.

Sina kipimajoto. Nitajuaje maziwa yamefika? (Kirumba)

Wengi hawana, na wanagandisha vizuri. Chemsha maziwa mpaka yapande, punguza moto, yaache yafukute dakika 10 huku ukikoroga na mwiko yasishike chini. Hapa kwetu Mwanza, Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Haidhuru, yogati inahitaji 85. Ila zile dakika 10 usiziruke. Haziui vijidudu tu: joto hubadilisha protini ya maziwa, ikaweza kushika maji. Anayezima jiko mara tu maziwa yanapopanda ndiye anayelalamika kesho yake kwamba yogati ni nyepesi.

Sasa weka sufuria kwenye beseni la maji baridi na ukoroge. Osha mikono vizuri, chovya kidole kidogo, hesabu taratibu. Ukifika kumi kidole kikiwa kinachomwachomwa lakini hakiungui, uko kwenye nyuzi 43 hadi 45. Ukikitoa kabla ya tano, subiri. Ukihisi vuguvugu tu kama maji ya kuogeshea mtoto, umechelewa. Rudisha jikoni kidogo.

Toa utando wa juu. Chota kikombe cha maziwa hayo, vurugia humo yogati isiyo na sukari (hiyo ndiyo mbegu), vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, mabonge yaishe, kisha rudisha yote kwenye sufuria na ukoroge. Mimina kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funika, vingirisha blanketi. Saa 6 hadi 8, bila kutikisa wala kuchungulia kila mara. Ukiinamisha chombo kidogo, iliyoshika huachana na ukingo kwa pamoja, kama uji uliopoa.

Nilifanya yote hayo kwa mbegu ya mtindi wa pakiti. Nikapata mabonge yanayoelea kwenye maji. (Buhongwa)

Mbegu na joto havikupatana. Bakteria wa yogati hupenda nyuzi 40 na kitu. Wa mtindi wa kawaida hupenda joto la chumbani, 22 hadi 28, na ukiwapeleka kwenye 43 unawadhoofisha au kuwaua. Kwa mtindi, poza maziwa yaliyochemshwa mpaka yasikie kama hewa ya chumbani, tia mbegu yako ya mtindi, vijiko viwili vilevile kwa kila lita, funika na uache juu ya kabati saa 12 hadi 18. Blanketi halihitajiki. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, huu ndio rahisi zaidi kwa anayeanza.

Maziwa hayagandi kabisa, yanabaki maziwa. Mbegu ni mpya. (Nyegezi)

Mulika maziwa. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki hutoa maziwa yenye dawa, na dawa hiyo huua mbegu yako. Kuchemsha hakuiondoi ya kutosha. Jaribu mbegu ileile kwenye nusu lita ya maziwa ya mtu mwingine. Yakiganda, zungumza na muuzaji wako: kila dawa ina siku za kusubiri kabla maziwa hayajauzwa. Soma pia kikopo cha mbegu. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda haina bakteria hai, haitagandisha kitu.

Maji ya kijani-njano juu yanamaanisha imeharibika?

Hapana. Iliachwa mno, au ilitikiswa. Koroga ule. Ukitaka nzito, ichuje kwa kitambaa safi, na maji hayo ukandie chapati.

Mbegu inarudiwa mara ngapi?

Mara nne au tano, ndani ya siku saba kila mara. Toa ya akiba kabla ya kutia sukari.

Wazee wetu waligandisha mabichi kwenye kibuyu. Kuchemsha ni kwa nini? (Kisesa)

Kwa sababu ya bruselosi (homa inayotoka kwa mifugo) na kifua kikuu cha ng'ombe. Uchachu hauviui vijidudu hivyo kwa uhakika, moto unaviua. Kibuyu endelea nacho ukipenda, ila kitie maziwa yaliyochemka na kupozwa.

Umeme hapa Nansio ukikatika, yogati itakaa? (Ukerewe)

Friji likibaki limefungwa, saa chache hazina neno. Bila friji, weka chombo kwenye beseni la maji, kifunike kwa kitambaa chenye ncha zinazogusa maji, mahali penye upepo, na uimalize ndani ya siku moja. Itazidi kuchachuka lakini bado inalika. Ikiota ukungu, mwaga yote. Na funika vizuri hata kwenye friji: yogati iliyolala wazi karibu na dagaa hunukia dagaa, na hakuna asali inayoificha.