Je, mdaiwa "hutiwa hatiani"?

Swali: Mimi huuza zabibu katika Soko la Majengo hapa Dodoma. Dereva wa bajaji aliigonga meza yangu, nikamfungulia kesi ya madai, nikashinda. Sasa jirani yangu anawatangazia watu kwamba dereva "ametiwa hatiani na kutozwa faini". Je, amesema sawasawa?

Jibu: Hapana, maneno hayo yote mawili ni ya jinai. Anayetiwa hatiani ni mshtakiwa, baada ya upande wa mashtaka kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka, na faini anayotozwa huingia serikalini. Katika shauri lako wewe ulikuwa mdai na dereva alikuwa mdaiwa, mahakama ikaona kwamba anawajibika, kisha ikamwamuru akulipe fidia. Ni kweli kwamba mahakama ya jinai nayo inaweza kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia, na huenda ndiko jirani yako alikochanganyikiwa, lakini hata huko faini ni faini na fidia ni fidia.

Neno linalowaponza wengi zaidi ni "uzembe". Mitaani mzembe ni mvivu. Katika sheria ya madai, mzembe ni mtu aliyekuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, akaacha kuichukua, na mwenzake akadhurika kwa sababu hiyo. Dereva anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku hawezi kuitwa mvivu, lakini akiingia sokoni huku akijua kwamba breki zake hazishiki, huo ni uzembe. Ndiyo maana haitoshi kuandika katika hati ya madai kwamba "mdaiwa ni mzembe", kana kwamba unaeleza tabia yake. Eleza alichofanya au alichoacha kufanya, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, humtaka anayedai jambo alithibitishe. Kipimo chake ni mizania ya uwezekano, yaani maelezo ya upande upi yanaelekea zaidi kuwa kweli, wala shaka ndogo haimwangushi mdai.

Mdaiwa naye akisema kwamba uliisogeza meza hadi njiani, huo ni utetezi wa uzembe wa kuchangia. Haumfutii wajibu wake wote. Ikiwa hasara ni shilingi 1,000,000 na mahakama ikaona kwamba ulichangia asilimia 30, utapata shilingi 700,000.

Kuhusu fidia yenyewe, chagua kitenzi kwa uangalifu. Fidia mahususi, kama vile bei ya makreti ya zabibu zilizopondeka na gharama za fundi wa meza, hutajwa kiasi chake katika hati na huthibitishwa kwa ushahidi, risiti zikiwamo. Fidia ya jumla, ya maumivu na usumbufu, haina risiti, hivyo tunasema mahakama huikadiria. Anayeandika kwamba "amethibitisha fidia ya jumla ya shilingi milioni mbili" amekitumia kitenzi mahali pasipo pake.